Hasara ya mmoja, faida ya wote: shajara ya hifadhi, mwaka wa pili

Tulipoanzia

Hifadhi yetu ni msitu uliopakana na mashamba pande tatu. Upande wa nne ni kinamasi na mto. Mwaka wa kwanza uliishia kwenye yale ambayo wafadhili huyauliza kwanza: mpaka ulipimwa upya, bikoni zikasimikwa, askari wakapata sare na redio, kamati za vijiji zikachaguliwa, kibao kikachorwa getini. Yote yalikamilika kwa wakati. Malalamiko ya majirani hayakupungua hata chembe.

Mwaka wa pili tuliuanza kwa hesabu nyingine. Mnyama akitoka usiku na kumaliza shamba, hasara inaiangukia kaya moja. Faida ya msitu kuwepo, yaani maji, ada za wageni, ajira chache na mradi wa jengo mara mojamoja, inatawanyika kwa watu wote, na aghalabu huwafikia kwanza wale wanaokaa mbali na msitu, karibu na barabara na ofisi. Kwa hiyo anayelipa gharama na anayekula faida si mtu mmoja. Shajara hii inafuata tulivyojaribu kuwakutanisha.

Januari. Ramani ya hasara

Daftari la malalamiko lilitaja vijiji, halikutaja mashamba. Ukilisoma unadhani kijiji kizima kimelizwa na nguruwe pori, kumbe kaya nyingi za kijiji hicho hazijawahi kuona hata unyayo wake. Wajumbe wa kamati wakazunguka na kifaa cha GPS, shamba kwa shamba, wakaandika mambo matatu tu: mnyama gani, zao gani, umbali gani kutoka mpakani.

Ramani ilipotoka, nukta karibu zote zilikuwa kwenye ukanda mwembamba ubavuni mwa msitu. Anayefuatilia mambo haya hatashangaa. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 kuzunguka Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda, ulikuta kwamba takriban asilimia 90 ya uharibifu wa mazao ulitokea ndani ya mita 160 kutoka ukingo wa msitu. Mwenye shamba nyuma ya hapo anaishi na hifadhi kwa amani, na amani hiyo analipiwa na jirani yake wa mbele.

Kuna jambo jingine la Kibale nililolieleza kikaoni. Mifugo nayo ilikuwa inaharibu mazao kwa kiasi kikubwa, ila wakulima waliilalamikia kidogo kuliko wanyamapori. Mzee mmoja wa upande wa kilimani akalifafanua kuliko ripoti yoyote: "Mbuzi wa jirani akiingia kwangu, najua pa kwenda. Tutagombana, tutakaa chini, atalipa au ataomba radhi, yataisha. Huyu nguruwe wenu akiingia, niende kwa nani? Nikaikabe bikoni?" Watu walicheka sana. Katibu wa kamati akaandika kwenye kumbukumbu za kikao: hifadhi ijihesabu kuwa mwenye mifugo. Mpango kazi wa mwaka mzima umetoka kwenye mstari huo.

Februari. Pa kwenda

Mfugaji muungwana akisikia mnyama wake amekula shamba la mtu, kwanza anakuja. Habari ya malipo hufuata baadaye. Sisi hatukuwa tunakuja. Mkulima alikuwa anaandika barua, barua inapita kwa mwenyekiti, inafika ofisini, na afisa anatokea wakati shamba limeshapandwa upya.

Tumepata wapimaji wa hasara, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kila kijiji. Hawakuteuliwa na ofisi. Wamechaguliwa na wenye mashamba ya ukandani. Ahadi ni moja: simu ikipigwa leo, kesho asubuhi mpimaji yuko shambani. Haraka hii ina sababu ya kitaalamu pia. Nguruwe pori hufukua udongo na kulaza mashina. Nyani huvunja bua, humenya gunzi, huuma kidogo na kutupa. Nungunungu hutafuna chini karibu na mzizi na kuacha alama za meno. Mvua ikipita au mkulima akisafisha shamba, ushahidi huo umekwisha, na bila ushahidi hujui uzuie nini. Uzio unaomkwamisha nguruwe ni ngazi kwa nyani.

Fomu ya mfadhili ilikuwa ya kurasa nne na ilitaka kujua kipato cha kaya, elimu ya mkuu wa kaya na idadi ya mifugo. Tumeikata ikabaki ukurasa mmoja. Fomu ndefu ni njia ya kistaarabu ya kumwambia mtu asilalamike.

Matokeo ya kwanza ya hatua hii yalikuwa kwamba taarifa za uharibifu ziliongezeka ghafla, na mfadhili akauliza kwa nini migogoro inapanda wakati mradi unaendelea. Tulimjibu kwamba wanyama ni walewale. Watu ndio wamepata pa kusemea. Nawashauri wenzetu wenye miradi kama hii wasikubali kamwe kupimwa kwa idadi ya malalamiko katika mwaka wa kwanza wa kufungua milango. Wakikubali, njia rahisi ya kufaulu itakuwa kutopokea simu.

Machi. Kifuta jasho

Kikao cha malipo kilirudiwa mara kadhaa na kiliwachosha wote. Wengi walitaka fidia kamili, thamani yote ya kilichopotea. Fidia kamili ina maradhi yanayojulikana kila ilikojaribiwa: fedha huisha mapema, madai huchunguzwa kwa miezi, wajanja huvuna mara mbili, na anayelinda shamba lake hujiona mjinga mbele ya asiyelinda.

Nilipeleka mifano miwili. Wa kwanza ni wa Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, ambako tangu mwaka 1999 wafugaji wamekuwa na bima yao dhidi ya chui wa theluji. Wanachangia kwa kila mnyama, nyongeza inatoka kwenye mapato ya utalii, na madai yanakaguliwa na kamati ya wanakijiji wenyewe. Ukidanganya pale unamwibia jirani yako, naye atajua kabla ya jioni. Wa pili ni wa Namibia, ambako jumuiya za uhifadhi hulipa sehemu tu ya hasara ya mifugo, tena kwa masharti. Aliyeacha mifugo nje usiku bila ulinzi hana cha kudai.

Tulichokubaliana ni mfuko wa kifuta jasho unaochangiwa na ada za getini pamoja na mchango mdogo wa kila kaya ya ukandani. Haulipi hasara yote na hautaki kuonekana unalipa yote. Unalipa haraka, kabla msimu haujaisha, kwa aliyekuwa kwenye zamu ya ulinzi. Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mnyama, hilo haliingii kwenye mfuko kabisa. Linakwenda moja kwa moja kwa mamlaka zinazohusika, na gari la hifadhi ndilo linalompeleka majeruhi hospitali bila kusubiri kibali cha mtu.

Sharti la zamu nusura livunje kila kitu. Mama mmoja anayelea watoto peke yake aliuliza: "Nilale shambani, watoto nimwachie nani?" Nyuma yake akasimama mzee asiyeona vizuri usiku, na swali lake lilikuwa hilohilo. Zamu sasa ni ya kundi la mashamba yanayopakana. Asiyeweza kulala nje anatunza daftari la kundi, anafunga makopo ya kelele kwenye kamba, au anafyeka ukanda wazi kati ya mpaka na mazao. Kundi ndilo linaloamua kwamba ametimiza.

Aprili. Chui

Chui aliingia kwenye zizi la upande wa mto akaua mbuzi wengi kuliko aliowala. Ndivyo wanavyofanya wanyama walao nyama wakijikuta ndani na mawindo yasiyo na pa kukimbilia. Asubuhi ile vijana walikuwa tayari wanazungumzia sumu.

Sumu ni jambo ambalo sitalijadili kwa upole. Mzoga ukitiwa sumu haumchagui chui. Mwaka 2019 nchini Botswana mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili iliua tumbusi 537 kwa mkupuo mmoja. Tumbusi hutaga yai moja, na huchukua miaka kufikia umri wa kuzaa. Pengo kama hilo halizibiki upesi. Mbwa wa kijiji hufa pia, na mtoto anayechezea mzoga yuko hatarini vilevile.

Lakini huwezi kumwambia aliyepoteza mbuzi wake habari za tumbusi. Kilichotuliza asubuhi ile ni kwamba mpimaji wa hasara alifika kabla ya mzoga wa mwisho kuondolewa, na malipo ya mfuko yakatoka wiki hiyohiyo. Ndipo tukaanza kuzungumzia zizi. Kuta zilikuwa nzuri, paa halikuwepo. Kule Ladakh, India, wafugaji wamezuia chui wa theluji kwa kufunika mazizi kwa wavu wa waya juu na kuimarisha mlango, na hakuna kitu cha kitaalamu zaidi ya hicho. Mazizi ya upande wa mto yameanza kuezekwa wavu, nguvu kazi ya wenyewe, waya kutoka kwetu. Tumeongeza taa za kumwekamweka zinazotumia nishati ya jua, zile alizobuni Richard Turere akiwa bado mtoto, kuwazuia simba kwenye zizi la familia yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Kijana mmoja alileta habari za macho yanayochorwa kwenye makalio ya ng'ombe ili mnyama anayevizia adhani ameonwa. Ni kweli zipo. Utafiti wa Okavango, Botswana, uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia ng'ombe 2,061 wa makundi 14 kwa miaka minne, na hakuna aliyechorwa macho aliyeuawa na wanyama wanaovizia. Tumelicheka, kisha tumeliandika kwenye orodha ya kujaribiwa. Wetu ni mbuzi, na chui wetu anaingia zizini usiku, kwa hiyo wavu unatangulia.

Mei

Mvua. Njia ya kinamasi haipitiki. Tumefunga hesabu za robo, tumetengeneza redio mbili, tumebandika matumizi ya mfuko kwenye ubao wa kila kijiji. Upande wa kilimani ubao uling'olewa na upepo, tukabandika tena.

Juni. Kamera

Kamera mtego, zinazojipiga picha zenyewe kitu kikipita mbele yake, zilifika. Mtafiti wetu alitaka zifungwe kwenye njia zote zinazoingia msituni, kwa sababu wanyama hupita njia zilezile wanazopita watu. Kwa takwimu alikuwa na haki. Kamati ya wanawake ilikataa, nami nilikuwa upande wao.

Njia hizo ndizo wanazopita wanawake kuokota kuni zilizoanguka, jambo ambalo kanuni zetu zinaruhusu. Kuna utafiti kutoka hifadhi ya simbamarara ya Corbett, India, uliochapishwa mwaka 2024, ulioonyesha jinsi kamera zilizowekwa kwa ajili ya wanyama zilivyogeuka macho ya kuwachunguza na kuwadhalilisha wanawake, hadi wengine wakabadilisha njia na kuacha kuimba na kuzungumza kwa sauti msituni. Msitu wenye simbamarara ukinyamaza hivyo, hatari ya kukutana naye ghafla huongezeka.

Kanuni tulizotoka nazo ni hizi. Kamera haifungwi kwenye njia ya kuni wala penye maji ya kuogea. Kila ilipofungwa panajulikana na kamati. Picha yoyote yenye mtu inafutwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja wa ofisi na mmoja wa kijiji, isipokuwa yule mtu ana silaha au mtego mkononi. Mtafiti amenuna kidogo. Ameambiwa afunge zaidi kando ya kinamasi, na huko ndiko alikopata picha nzuri za fisi maji, mnyama ambaye ofisi ilikuwa ikimwandika kwenye ripoti kwa kusikia tu.

Julai. Nyasi

Huu ndio mwezi niliokuwa nausubiri, na ndio uliotugombanisha zaidi.

Ndani ya mpaka, upande wa kinamasi, kuna nyasi ndefu ambazo kabla ya bikoni watu walikuwa wakikata kwa kuezeka na kulisha mifugo. Mpango wa mwaka wa kwanza uliziba eneo lote. Kilichofuata ni watu kukata usiku, kwa haraka, na askari kuwakamata wanawake wenye mizigo ya nyasi kichwani. Ukitaka kuharibu jina la hifadhi kwa kazi ya siku moja, mkamate mama na mzigo wa nyasi mbele ya watoto wake.

Tulipendekeza kufungua ukanda huo kwa muda mfupi kila kiangazi. Mfano upo: Hifadhi ya Taifa ya Chitwan, Nepal, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikiruhusu majirani kuingia kukata nyasi kwa siku maalumu kila mwaka tangu miaka hiyo ya 1970. Mwanzoni siku zilikuwa nyingi. Baadaye zikapunguzwa hatua kwa hatua, na kupunguzwa huko kumekuwa kukilalamikiwa. Kule Bwindi, Uganda, majirani wa msitu wa sokwe wa milimani wamekuwa na maeneo ya matumizi tangu miaka ya 1990, ambako watu waliosajiliwa huweka mizinga na kuchuma mitishamba. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoporomoka kwa sababu jirani aliingia na mundu.

Ugomvi haukuwa kati ya ofisi na vijiji. Ulikuwa kati ya vijiji wenyewe. Wafugaji walisema nyasi hizo ni akiba yao ya kiangazi kikali, na zikikatwa zote kwa kuezekea watabaki na nini? Waliohamia karibuni walisema orodha ya kaya ilikuwa ya zamani na majina yao hayamo. Kijiji cha mbali, ambacho hakina hata shamba moja ukandani, kilitaka mgawo sawa, kwa hoja kwamba hifadhi ni ya wote.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa kazi, maana ina sauti ya haki. Lakini wapimaji walikuwa na daftari lao. Mmoja wao, mwanamke asiyependa maneno mengi, alisimama akasoma kaya zilizopata hasara tangu Februari, jina baada ya jina, kisha akakaa. Mwenyekiti wa kile kijiji cha mbali hakurudia hoja yake, ingawa hakuiondoa.

Makubaliano: siku za mwanzo ni za kaya za ukandani, ziwe za wenyeji au za wahamiaji, zinazofuata ni za kila mtu. Vipande viwili vinaachwa bila kukatwa, kimoja kwa wanyama wanaozaliana humo na kimoja kwa mifugo itakayopewa kibali kiangazi kikizidi. Mundu unaruhusiwa, panga na shoka haviruhusiwi. Hakuna kulala ndani, hakuna moto, mzigo unapita getini unahesabiwa. Anayehesabu ni mtu wa kijiji.

Ukataji umefanyika. Kipande cha wanyama kiliguswa pembeni, na kundi lililohusika limekosa siku moja ya mwakani kwa uamuzi wa kamati. Askari walikuwa na kazi ndogo kiasi kwamba wawili walisaidia kufunga mizigo, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango kazi na ambalo ningependa liwemo.

Agosti. Moto

Nyasi zilizokatwa hazina cha kuunguza, na hilo ni faida ambayo hatukuiuza vya kutosha Julai. Palipobaki tumechoma moto wa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, wakati chini bado kuna unyevu na moto unatambaa taratibu, ukiacha mabaka yasiyo na kuni za moto mkubwa. Njia hii waliijua wazee kabla ya sisi kuja. Huko Arnhem Magharibi, kaskazini mwa Australia, Waaborijini wamekuwa wakiifanya kwa mpango rasmi tangu mwaka 2006, na imepunguza gesi zinazoongeza joto duniani kiasi cha kuwaletea mapato.

Waliosimamia mstari wa moto ni warina asali. Kwa miaka walikuwa wakitajwa kuwa ndio wachomaji, kwa sababu ya mienge yao. Tumewapa mizinga yenye masanduku, mavazi na kifukizo, nao wamechukua jukumu la kusafisha njia za kuzuia moto, maana mzinga ukiungua ni wao wanaopoteza. Moto mmoja ulivuka kutoka shamba la nje usiku wa upepo, ukaunguza sehemu ya kichaka cha kusini kabla haujakutana na baka tulilochoma. Hapo ulikufa wenyewe.

Septemba. Doria

Mitego ya waya imeongezeka upande wa kusini. Askari wanarekodi doria kwa programu ya SMART, inayotumika katika hifadhi nyingi duniani, na ramani inaonyesha mitego iko karibu na mashamba kuliko ndani ya msitu. Yaani mingi ni ya kuwazuia nguruwe wasiingie shambani, si ya biashara ya nyama. Waya haujui tofauti hiyo, lakini sisi tunapaswa kuijua.

Hapa nimetetea adhabu za ngazi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jumuiya zilizodumu na mali zao za pamoja kwa vizazi, na moja ya sifa alizozikuta ni kwamba adhabu huanza ndogo na kupanda, na mlinzi wa kanuni huwajibika kwa watumiaji wenyewe. Kwetu, mtego wa kwanza mpakani: mhusika anaitwa na kamati, anautoa mwenyewe, anajiunga na kundi la zamu. Wa pili: anakosa nyasi na kifuta jasho kwa msimu. Anayekutwa ndani ya msitu na mitego mingi, huyo ni wa polisi, na hakuna kikao.

Askari mmoja mzoefu alipinga. Anaona tunawalea. Amekuwa kwenye doria miaka mingi kuliko mimi ofisini, na amewahi kumtoa swala mwenye mguu uliokatwa na waya hadi mfupa. Sikumshawishi. Tumekubaliana aingie kwenye kamati ya adhabu ili asikie kesi kabla hazijaamuliwa.

Oktoba. Mgawo wa mapato

Sheria za nchi mbalimbali zinasema nini juu ya mapato? Uganda hutenga asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini kwa jamii jirani. Nepal, tangu sheria yake irekebishwe mwaka 1993, huruhusu kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi kwenda kwenye ukanda unaoizunguka. Namibia mwaka 1996 ilikwenda mbali zaidi ikazipa jumuiya zilizosajiliwa haki juu ya wanyamapori na mapato yake. Ukizitazama zote unaona swali la asilimia ngapi limejibiwa vizuri kuliko swali la nani hasa anapokea.

Sehemu yetu ya jamii ilikuwa ikienda kwenye majengo. Madarasa ni mema, hakuna anayepinga. Ila darasa hujengwa katikati ya kijiji, na viongozi hulipenda kwa kuwa lina jiwe la ufunguzi. Paa la wavu la zizi halina jiwe la ufunguzi.

Pendekezo letu ni kwamba kabla fedha hazijagawanywa kwa vijiji, kwanza ijazwe akiba ya kifuta jasho na ilipiwe kazi ya ukandani: wavu, taa, ufyekaji, posho za wapimaji. Kinachobaki ndicho kiende kwenye miradi ya pamoja. Wenyeviti watatu wamekubali. Wawili wamesema watalipeleka kwa wananchi wao, na kwa jinsi walivyolisema sina hakika watalipeleka. Kijiji cha mbali kimekataa kwa maandishi, kwa barua nzuri yenye hoja, na tumeibandika kwenye ubao pamoja na pendekezo letu ili kila mtu asome zote mbili.

Novemba. Palipofikia

Mfuko umelipa madai yote yaliyothibitishwa, ingawa madai ya nyani yanatusumbua: zamu za usiku hazimzuii mnyama wa mchana, na watoto ndio wanaotumwa kumfukuza badala ya kwenda shule. Hilo silikubali na sina jibu lake kamili. Tunajaribu kupanda mazao ambayo nyani hayapendi, kama pilipili, kwenye mistari ya mwanzo karibu na msitu, na kusogeza mahindi nyuma. Mkulima anayesogeza mahindi yake anahitaji soko la pilipili, kwa hiyo mwezi huu mwenzangu yuko kwenye simu na wanunuzi kuliko msituni.

Mazizi ya upande wa mto yamebaki mawili bila paa, waya umeagizwa. Upande wa kusini mpimaji mmoja amejiuzulu baada ya kutukanwa na shemeji yake, aliyenyimwa malipo kwa kutokuwa kwenye zamu. Uchaguzi wa kumpata mwingine ni Jumamosi, na kundi la zamu limeomba mgombea asiwe ndugu wa mtu yeyote wa ukandani. Kwenye kijiji kile, sijui watampata wapi.